Bibi Aliyetolewa kwa Programu

Rafiki yangu, wewe ninayekuamini kama mtu tuliyepiga magoti pamoja, vuta kiti ukae karibu. Kuna jambo nimelinyamazia miaka mingi nikidhani limepoa. Mwezi uliopita nilitoka hapa Meru nikashuka mpaka Karurumo kumzika Mama Wawira, mama aliyenipikia chakula ule mwaka nilioanza kazi ya dizaini huko Embu mjini. Nilikuwa nimeshalia nikamaliza, nimekaa kwa tenti na kikombe cha chai, nikasikia mtu amenishika bega. Kugeuka, ni Nyaga, bosi wangu wa kwanza, amezeeka, kofia mkononi. "Kathure wa Kianjai!" akasema. "Wewe ulikuwa kichwa ngumu! Ati mtu anaacha kazi kwa sababu ya picha. Kitu kidogo namna hiyo!" Akacheka, akangoja nicheke na yeye. Nilimsalimia kwa heshima, kwa sababu ni mzee na tulikuwa matangani. Lakini ile chai niliiweka chini. Kitu kidogo. Tumetoka kufunika huyo mama na udongo, na mtu anasimama hapo na biskuti mkononi anasema kitu kidogo. Wacha nikuambie hicho kitu kidogo kilikuwa nini.

Mwaka huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na Embu sikumjua mtu. Duka la Nyaga lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, kimegawanywa na pazia. Mbele ya pazia kulikuwa na mashine ya fotokopi, kitambaa cha bluu cha kupigia watu picha za kitambulisho, na mimi. Nyuma ya pazia kulikuwa na kompyuta, printa, na Nyaga. Jirani yetu aliuza dawa za mifugo, na hata leo nikipita mahali wanaogesha ng'ombe, ile harufu inanirudisha kwa wino wa printa. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kutoa fotokopi, kufunika vyeti vya watu na plastiki, na kuwaambia, "Inua kidevu kidogo, usicheke." Kila nikipata nafasi nilichungulia kwa pazia kama paka anayesikia nyama inakatwa. Nyaga hakuwa mtu mbaya, nisikudanganye. Alikuwa anaimba akifanya kazi, na akinishika nachungulia alisema, "Ingia basi uone, lakini usipumue kwa skrini yangu." Hiyo ndiyo inanikasirisha mpaka leo. Mtu mbaya akifanya ubaya, unajua amefanya kazi yake. Huyu alikuwa mtu wa kuimba.

Jioni tukifunga nilipanda ngazi za nyumba moja karibu na stendi, na huko juu ndiko nilisomea. Chuo cha mchana sijawahi kukiona. Chini yetu kulikuwa na mahali pa kuoka mikate, na harufu ilipanda ikituingia tumboni huku mwalimu anaeleza mambo ya rangi na herufi. Tulikuwa watu wazima waliochoka: mwalimu wa watoto wadogo wa nasari, askari jela, mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni, tukikaa wawili wawili kwa kompyuta moja na kusukumana na viwiko. Mimi niliomba kila jioni kabla ya kuigusa ile kompyuta. Nilisema, "Bwana, hii mikono ni yako, ifundishe." Askari jela alikuwa ananicheka. "Dada, umeombea stima pia? Isipotee kama jana." Na kitu cha kwanza kikubwa tulichofundishwa ni kumkata mtu kwa picha, polepole, kufuata nywele na mabega, mpaka anatoka mzima na unaweza kumweka mahali pengine. Mwalimu alituambia, "Ukijua hii, katika nchi hii hutalala njaa." Alisema ukweli. Sijalala njaa.

Kazi ya kwanza Nyaga aliyoniachia nifanye peke yangu ililetwa na msichana wa shule. Alikuja na picha ya baba yake, ndogo, imekunjika kona. Baba alikufa kabla yeye kuzaliwa. Akasema, "Nataka nisimame na yeye." Nilimpiga picha kwa kile kitambaa cha bluu, nikamwambia asogee kidogo kushoto, aache nafasi. Halafu nikamtoa baba kwa ile karatasi yake iliyochoka, nikamsafisha, nikamsimamisha kando ya mtoto wake, nikahakikisha mwanga unawapiga upande mmoja ndio isionekane ni uongo. Msichana alipoiona hakulia. Alishika sikio lake. "Kumbe masikio ni yake," akasema. Niliingia nyuma ya pazia nikamshukuru Mungu, nikasema hii ndiyo kazi yangu duniani, kuwakutanisha watu ambao kifo au umbali umewatenganisha. Kijana ako Mombasa na familia iko Runyenjes, nawaunganisha. Mzee hakuweza kutoka kitandani siku ya arusi ya mjukuu, namsimamisha. Niliona ni huduma. Bado naona hivyo, na ndiyo maana kilichofuata sijakisamehe vizuri, ingawa najua Baba Yetu inasema nini na naisema kila asubuhi.

Chakula tulikula kwa Mama Wawira. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya duka, mabati meusi ya moshi na benchi moja inayotingika. Alikuwa mtu wa Mbeere, huko chini kwenye jua, na muthokoi yake, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, ilikuwa inaisha kabla saa saba haijafika. Nyaga akimchokoza, "Mama Wawira, leo nyama imeenda wapi kwa hii supu?" anajibiwa, "Iko. Ni macho yako yamezoea kukuza vitu kwa kompyuta." Mimi alinipakulia mpaka sahani inainama. "Kula, mwari wakwa. Ukirudi kwenu hivyo mwembamba, Wameru watasema Waembu walikunyima." Mwari wakwa ni binti yangu. Aliniita hivyo siku ya kwanza, kabla hata ajue jina langu.

Na Ijumaa bwana yake alikuwa anashuka kutoka Kanja, ambako walikuwa na nyumba na majani chai, kuja kumchukua. Ireri. Mtu mrefu, mpole, anaketi juu ya mtungi wa maji uliogeuzwa, anachukua kisu na kumenya viazi na bibi yake mbele ya soko nzima. Mwanaume! Wanaume wenzake walikuwa wanapita wakipiga kelele, "Ireri, wewe ulikaliwa chapati!" Unajua hiyo maneno, ati bibi alikalia chapati ndio akamfunga bwana. Ireri hakukasirika hata siku moja. Alisema, "Kama ni chapati za huyu, azikalie tena," na Mama Wawira anamtupia ganda la kiazi. Mimi nikiwa pale na sahani yangu niliwaangalia nikasema, Bwana, siku yangu ikifika, nipe kama hii.

Mbuzi wa mahari walikuwa wamepelekwa kwao Mbeere zamani, wazee wa pande zote wakala, wakabariki. Kanisani hawakuwa wamefunga ndoa. Ireri alikuwa anasema tu, "Tutaenda, tutaenda," kama vile watu wanasema. Walikuwa na msichana wao, Wawira, akisoma sekondari. Na walikuwa wamemlea Njagi, ndugu mdogo wa Ireri. Mama Wawira alimkuta kwa hiyo boma akiwa mtoto, akampikia, akamfulia sare ya shule mpaka akamaliza masomo, akaoa, akawa mzee wa kanisa. Alikuwa anamsifu kwa wateja. "Njagi wetu anavaa tai," anasema, na unaona amejaa fahari.

Sasa, kama hukuzaliwa pande zetu, nikueleze kitu. Kwetu mtu hazikwi bila programu. Ni kile kijitabu cha karatasi ya kung'aa: marehemu yuko mbele anatabasamu, na ndani ni maisha yake, alikuwa mtoto wa fulani, bwana ya fulani, baba ya fulani, ndugu ya fulani. Kuna picha ya familia. Kuna majina ya wenye kuweka mchanga na maua, mmoja baada ya mwingine. Watu hawatupi programu. Inaingia kwa kabati, inaingia kwa Biblia. Na miaka ikipita, watu wakianza kugombania shamba, mtu anaitoa anasema, "Someni hapa, bibi ako wapi? Watoto wako wapi?" Sijui ni nani aliamua kwamba karatasi iliyotoka kwa printa ya Nyaga ni ushahidi kushinda macho ya majirani. Lakini ndivyo ilivyo, na sisi watu wa dizaini tunajua: uko ndani ya programu, una kwenu. Hauko, utaulizwa ulikuwa nani.

Ireri alianguka asubuhi moja kwa majani chai, kikapu mgongoni, hakuamka. Mama Wawira alifunga kibanda akaenda Kanja kulia. Baada ya siku chache Njagi alikuja dukani na tai yake. Wakati huo nilikuwa nimeshavuka pazia, Nyaga ameniachia programu zote za mazishi, kwa sababu alisema nina huruma ya kupanga maneno. Nilisimama nikampa pole. Akaweka picha ya familia kwa meza. Ilipigwa Krismasi mbele ya nyumba ya Kanja: Ireri katikati, Mama Wawira kando yake amevaa kitambaa cha kichwa cha njano, Wawira, Njagi na bibi yake, na mbwa amelala hapo miguuni.

"Hii ndiyo ya kuweka ukurasa wa ndani," akasema. "Lakini huyu utoe."

Kidole chake kilikuwa chini, nikadhani ni mbwa. Nikamwambia, "Sawa, mzee, mbwa nitamtoa."

"Mbwa mwache," akasema. "Huyu mwanamke."

Rafiki yangu, nimesikia mambo mengi kwa hii kazi. Nimewekea wanasiasa nywele. Lakini sijawahi kusahau hayo maneno mawili. Mbwa mwache.

Nikasema, "Mzee, huyu si ni bibi ya marehemu?"

"Wewe unamjulia wapi?"

"Hapa nyuma. Ndiye anatupikia."

"Basi umesema mwenyewe. Ni mpishi. Mpishi hawekwi kwa programu." Halafu akashusha sauti, ile sauti ya kufungua ibada. "Hawakufunga ndoa mbele ya Mungu, dada. Hatuwezi kuchapisha uongo na kuusomea madhabahuni."

"Na mtoto wao?"

"Ataingia pale mwisho. Andika, 'na wengine wengi.'"

Mimi ni mtu wa kanisa. Naongoza maombi ya kina mama, watoto wangu wote nimewapeleka ubatizo, na usinisikie nikisema neno baya juu ya nyumba ya Bwana. Lakini nikuulize. Huyu Mungu alikuwa wapi wakati Mama Wawira anamfulia Njagi sare? Hapo hakuwa mpishi, alikuwa mama. Uchafu wake haukuonekana kwa sare, unaonekana leo kwa sababu kuna majani chai. Mtu akimshika Mungu na kumtumia kama raba ya kufutia mtu, hiyo si ibada, hiyo ni wizi umevaa tai. Hayo yote sikuyasema siku hiyo. Nilisema tu, "Mzee, hii mikono niliiombea. Haiwezi kufanya hivyo."

Nyaga alinivuta mpaka kwa mlango wa nyuma, tukasimama pale pale tunaponunua chakula. "Kathure, usiniaibishe. Maiti ni yao, kilio ni chao. Sisi ni kuchapisha tu."

"Bosi, ukimtoa hapo umemtoa kwa nyumba yake."

"Umeanza. Ni picha!"

"Wewe umekula kwa mkono wake tangu nikujue."

"Na kesho nitakula kwa mwingine. Unafanya ama hufanyi?"

"Sifanyi."

"Basi pisha."

Akakaa mwenyewe kwa kiti. Nilisimama hapo nikaangalia, kwa sababu nilitaka mtu aone. Alimkata Mama Wawira kuanzia kwa kile kitambaa cha njano, akashuka na bega, akashuka na mkono uliokuwa umeshika mkono wa Ireri. Likabaki tundu. Nyuma yao kulikuwa na mgomba wa ndizi, akaukopi, akaupanda hapo kwa tundu, akavuta majani yakafunika mkono. Halafu akarudi nyuma kidogo aone vizuri. "Ona hiyo," akaniambia, bila ubaya wowote, kama mwalimu. "Huwezi kujua." Na ni kweli, huwezi kujua. Ireri alisimama hapo na mgomba kando yake kama mtu aliyeoa shamba. Nilichukua sweta yangu kwa msumari nikatoka, na sikurudi tena kwa hilo duka.

Asubuhi yake nilipanda Kanja. Boma lilikuwa limejaa. Mama Wawira nilimkuta jikoni na wanawake wa pale, anamenya ndizi za matanga, uso umevimba. Nilimtoa kando kwa ghala nikamwambia yote, mgomba na kila kitu. Aliniangalia kama mtu anayesikia lugha ya mbali.

"Njagi?" akasema. "Njagi nilimwosha kichwa akiwa na mashilingi, yale mabaka ya ugonjwa wa ngozi. Njagi hawezi. Ni huzuni inamfanya aseme vitu."

"Mama, nimeona na macho yangu."

"Atarekebisha. Usiniletee vita kwa matanga ya bwana yangu, mwari wakwa. Shika kisu, umenye."

Ungefanya nini? Aliyefiwa ni yeye. Nilishika kisu nikamenya.

Siku ya mazishi alipika. Elewa hiyo vizuri. Bibi ya marehemu alipikia watu waliokuja kumzika bwana yake, kwa sababu hakuna mtu wa boma aliyekuja kumwambia, toka jikoni uketi mbele. Yeye alidhani watamwita wakati ukifika. Wawira walimkalisha nyuma na watoto wa majirani. Programu zilipoanza kugawanywa, mama mmoja anaitwa Mama Rwamba alikuja nayo jikoni, na hakusema neno, akaiweka mkononi mwa Mama Wawira. Kusoma kwake kulikuwa kwa polepole, kwa hivyo alitafuta picha. Akafungua, akaleta karibu na macho. Akaweka kidole.

"Hapa ndipo nilisimama," akasema.

Moto ulikuwa unalia tu.

"Nilikuwa nimemshika mkono. Sasa kuna mgomba."

Mama Rwamba ndiye aliyelipuka. "Na mbwa yuko! Wanawake, angalieni, hata mbwa ameingia kwa programu!"

Wakati huo huko mbele msema-chochote, yule kijana wa kushika maikrofoni, aliita familia ya karibu isimame na jeneza ipigwe picha. Mama Wawira alifuta mikono kwa aproni akatoka. Alitembea katikati ya watu, aproni bado imelowa, akaenda akasimama kwa kichwa cha jeneza, mahali pake. Na yule kijana, bila kujua, akasema kwa maikrofoni, kwa sauti ya furaha, "Tunawashukuru wapishi wetu, Mungu awabariki, lakini sasa watupatie nafasi kidogo, ni familia."

Watu wengine walicheka. Nilisimama. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Huyo ni bibi ya Ireri!"

Mchungaji akaangalia programu yake, kama ni Mungu aliyeiandika. Njagi akachukua maikrofoni. "Ndugu na dada, tusilete vurugu kwa mwili wa marehemu. Tufuate programu." Na lile boma lote, watu waliokula kwa huyo mama Krismasi zote, watu walioona hizo mbuzi zikishuka Mbeere, waliangalia chini kwa karatasi. Mama Wawira aligeuka akarudi jikoni. Hakulia. Alichukua mwiko.

Lakini Mama Rwamba alimnyang'anya mwiko. Akafunika sufuria ya mwisho, akasimama kwa mlango wa jikoni, na wale wanawake wengine wakasimama na yeye, bega kwa bega, mikono imekunjwa. Mimi pia. Wali ulikuwa tayari, nyama tayari, upepo unapeleka harufu moja kwa moja kwa tenti ya wageni. Kwetu, rafiki yangu, unaweza kukosa kwaya kwa mazishi, unaweza kukosa hata maua, lakini wageni kurudi Nairobi na njaa ni aibu ambayo boma haliogi ikatoka. Kijana akatumwa. "Mchungaji anaomba chai."

"Chai iko kwa programu?" Mama Rwamba akauliza.

"Haiko, lakini..."

"Basi tufuate programu."

Akaja mzee mmoja. Akaja bibi ya Njagi, akibembeleza. Akaja Njagi mwenyewe, tai imelegea. "Mnataka kuniaibisha mbele ya wageni?" Mama Rwamba akamwambia, "Wewe ndiye umeanza kuondoa watu, Njagi. Sisi tumejiondoa tu." Alisimama pale akatafuta mtu wa kumwangalia vizuri. Hakupata. Akarudi. Na kaburi likiwa bado wazi tukasikia ile maikrofoni: "Sasa, eeh, tumwite mama mmoja wa hapa nyumbani aweke mchanga." Mama mmoja wa hapa nyumbani! Hata hapo, na njaa imewashika, ulimi ulikataa kusema bibi. Alienda na Wawira. Alichukua udongo na mikono miwili, akauachilia polepole, akasema kitu kwa Kimbeere ambacho hakikuwa chetu kusikia. Ndio tukapakua.

Ningependa niishie hapo, kwa sababu hapo tulishinda. Lakini ukoo ulikaa baadaye kugawa vitu vya Ireri, na Njagi alikuja na programu. Watu wote walikuwa wameona yule mama akiweka mchanga. Haikusaidia. Programu ilipita mkono kwa mkono, mzee anaangalia picha, anampatia mwingine. "Bibi haonekani," wanasema. Nilienda nikasimama nikasema mimi ndiye niliambiwa nimtoe, nikaeleza alivyotolewa. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe ni wa wapi?" Nikasema Meru, Kianjai. "Na Mmeru anajua nini juu ya boma la Embu?" Wakacheka. Wakamwita Nyaga. Nyaga alikuja, akavua kofia, akasema, "Mimi nachapisha kile mwenye kazi ananiletea." Hakusema uongo. Nilimwomba kwa macho aseme ile sentensi nyingine, kwamba Mama Wawira alikuwepo kwa picha na yeye akamkata. Aliangalia kofia yake.

Mama Wawira alitoka Kanja na sufuria zake na mtoto wake. Nyumba aliyoisiriba na mikono yake akamwachia yule mtoto aliyemwosha kichwa. Alienda Karurumo, akapangisha chumba, akapika, akasomesha Wawira mpaka akawa mwalimu. Mbele yangu hakuwahi kumlaani Njagi. Nilikuwa nikimtembelea namkasirikia Njagi kwa niaba yake, na yeye ananiambia, "Kula kwanza." Mwezi uliopita tumemzika huko, kwa kipande cha ardhi alichojinunulia, mbali na Ireri. Hiyo ndiyo picha. Hicho ndicho kitu kidogo.

Mimi nilianza upya kwa kona ya duka la mtu mwingine, nikamaliza madarasa yangu ya jioni, nikarudi Meru, na Mungu amenipa duka langu. Natengeneza kadi za harambee, kalenda za makanisa, mabango ya watu wanaotaka kura. Lakini programu za mazishi nina sheria moja, na wateja wameniita mkaidi, na wengine wametoka wakapiga mlango: sichapishi mpaka isomwe kwa sauti bomani, watu wote wakiwepo, na wale wa jikoni waitwe. Juzi kijana mwenye digrii zake aliketi mbele yangu, akanionyesha simu. Alikuwa ameshamfuta mama mmoja kwa kidole, akingoja kahawa. "Madam, nimekupunguzia kazi," akasema. Nilimrudishia simu. Nilimwambia aende akamwonyeshe huyo mama kwanza, uso kwa uso, halafu aje. Hajarudi. Najua amepata mwingine. Kila mji sasa uko na Nyaga wake, na siku hizi huhitaji hata Nyaga.

Kwa hivyo nakuomba, hii habari usiikalie. Mpelekee kijana wako anayefanya hii kazi. Isome kwa chama cha kina mama, mwambie mzee wa ukoo wako, hata kama atakununia. Na siku utakapopewa kile kijitabu cha kung'aa kwa mlango wa tenti, usiangalie tu walioko. Tafuta nani hayuko, halafu uliza kwa sauti kabla udongo haujaingia. Ukifika mahali pa kutaja majina, useme hivi, useme yote: Ireri wa Kanja alikuwa na bibi, na bibi yake aliitwa Rosina Igoki.